Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Ndege za Mpira Zipewe Nafasi Shuleni

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa, lakini ni wako. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, ila unapita tu, na mwenyewe akiinuka anaondoka nao. Methali hii tumeikariri tangu kidato cha kwanza, tukaitungia insha na tukapewa alama nzuri. Kuifuata ndiko kumetushinda. Ushahidi ninao. Ni kisa cha kile chama chetu cha ndege kilichozaliwa muhula wa kwanza, kikafa kibudu kabla ya muhula wa pili kwisha.

Wale ambao hawakukijua naomba niwaeleze. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili. Nia yetu ilikuwa kuunda ndege ndogo zinazoruka kwa nguvu za mpira. Hazina betri wala petroli. Chini ya mwili wa ndege kuna kitanzi cha mpira. Upande mmoja kimefungwa karibu na mkia, na upande wa pili kimeshikwa na rafadha, yaani lile panga la mbele linalozunguka. (Tulibishana sana kama tuseme rafadha, panga au pangaboi. Mwalimu wetu mlezi akaamua rafadha, na mimi namtii.) Ukiizungusha rafadha kwa kidole mara mia moja, mpira unajisokota na kujaa mafundo. Ukiiachilia, mpira unajisokotoa, rafadha inazunguka kwa kasi na ndege inavutwa mbele. Basi! Hiyo ndiyo injini yote.

Kitabu tulichopata maktabani kilikuwa cha Uingereza, na kuanzia ukurasa wa kwanza kilitwambia tununue mbao za balsa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tuliuliza kwa wauza mbao Meru mjini, wakatutajia saiprasi, mukima na mkaratusi. Wenzetu wanaotoka Embu wakauliza kwao wakati wa likizo, jibu likawa lile lile. Tukaambiwa labda Nairobi, tena labda iagizwe kutoka ng'ambo. Tukaandika barua kuomba fedha. Hatukupata, na juu ya hayo tukaambiwa kwamba shule haiwezi kugharimia vitu vya kuchezea watoto. Tukanuna, tukakaa, kila mtu akarudi kwa mambo yake.

Wengi wanalaumu utawala. Mimi, jamani, nasema tuliokiua chama ni sisi wenyewe. Tuliacha mbacha wetu tukangoja msala wa watu.

Kwani balsa ni nini? Ni mti wa Amerika ya Kati na Kusini, na nyingi inayouzwa duniani hutoka nchi ya Ecuador. Sifa yake kubwa ni wepesi. Mita moja ya ujazo ya balsa huwa na uzito wa kilo 160 hivi, ilhali maji ya kiasi hicho hicho ni kilo 1,000. Siku hizi hata viwanda vinavyounda mitambo ya umeme wa upepo huinunua kwa wingi, wakaiweka ndani ya yale mapanga makubwa. Sasa mtoto wa Igembe au wa Mbeere mwenye shilingi hamsini za matumizi atashindana vipi na matajiri kama hao?

Lakini hebu toka Embu mjini uteremke kuelekea Siakago au Kiritiri. Kando ya mashamba utaona mkonge. Mmea huu hukaa miaka mingi ukitoa majani tu, kisha mara moja maishani mwake huchomoza mlingoti mrefu katikati, ukatoa maua, halafu ukafa. Mlingoti huo ukikauka ni mwepesi ajabu. Nje una ganda gumu na ndani ni kama sponji. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuubeba begani bila kutoa jasho. Watu huujengea ua, wengine wanauacha uoze. Mwenzetu mmoja kutoka sehemu hizo alituletea kipande baada ya likizo. Tukakata kijiti cha mkonge na kijiti cha saiprasi vya ukubwa sawa, tukavipima kwa mizani ya maabara. Kile cha mkonge hakikufika hata nusu ya uzito wa mwenzake! Tulitazamana tukaona aibu. Muhula mzima tulikuwa tunalilia Ecuador na kitu kiko Mbeere.

Rafadha nayo tuliichonga kwa muuti, ule mti wenye maua mekundu ambao kwa Kiswahili huitwa mwamba-ngoma. Ni laini, unachongeka kwa kisu cha kawaida. Baadaye tukagundua njia rahisi zaidi. Ukikata vipande viwili ubavuni mwa kikombe kitupu cha yogati, kwa mshazari kidogo, unapata mapanga mawili yaliyojipinda tayari. Mhimili ni klipu ya karatasi iliyonyooshwa, na mahali pa kuzungukia ni ushanga mmoja. Mabawa tuliyavalisha karatasi nyembamba ya kufungia zawadi. Ndugu zetu wakubwa walivalisha vishada vyao mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, na kusema kweli karatasi inapendeza zaidi.

Sasa tuje kwa mpira wenyewe, maana huko ndiko tulikochapwa na huko ndiko tulikojifunza. Sisi tulidhani mpira ni mpira. Tukakata vipande vya tyubu kuukuu ya gari, tukavisokota, ndege ikatembea chini kama kuku mwenye mguu mmoja. Tukaongeza mpira, ikawa nzito zaidi. Yule mwenzetu wa Mbeere akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Nyinyi hamjawahi kuwinda ndege kwa manati. Kila mtoto kwetu anajua tyubu hiyo imelala." Akachukua kipande akakivuta, akakiachia. Kilirudi polepole kama mtu anayeamshwa kwenda prepu. Akachukua ile mipira ya kufungia noti, ambayo mawakala wa M-Pesa wanayo tele, akaivuta na kuiachia. Ta! Ikarudi papo hapo.

Mwalimu wa fizikia alitueleza sababu. Tyubu nyingi za magari zimeundwa kwa mpira wa viwandani uitwao byutili. Huo unashika hewa vizuri kuliko mpira wa asili, lakini ukiuvuta, nguvu nyingi uliyoutia inapotelea ndani yake ikawa joto. Mpira wa kufungia noti kwa kawaida ni wa asili, unatokana na utomvu wa mti, nao hurudisha sehemu kubwa ya nguvu uliyompa. Na kwa taarifa yenu wanachama wa Kiswahili, neno lenyewe ni la mmea. Huko Pwani kuna mmea wa porini unaotambaa juu ya miti na kutoa utomvu huo, nao huitwa mpira. Mwishoni mwa karne ya 19 utomvu wa mimea ya aina hiyo ulikuwa bidhaa iliyouzwa ng'ambo kutoka Afrika Mashariki. Kwa hiyo huyu si mgeni kwetu. Tumekuwa naye kabla ya kandanda na kabla ya tyubu.

Tulijifunza mengine pia, na nitayataja ili atakayejaribu asipoteze muda kama sisi. Mpira mkavu husuguana wenyewe ukikatika upesi, kwa hiyo lazima upakwe kitu cha kuteleza. Mmoja wetu aliupaka mafuta ya kujipaka yanayotokana na petroli. Siku ya pili mpira ulikuwa umevimba na kulegea, maana mafuta ya aina hiyo ni adui wa mpira wa asili. Dawa yake ni gliserini, ile ile tunayojipaka Julai baridi ikituchapa, ukiichanganya na sabuni ya maji kidogo. Aidha, usiusokote mpira ukiwa umelegea. Mwenzako ashike ndege, wewe uvute mpira mpaka uwe mrefu mara tatu au nne, ndipo uanze kuusokota huku ukimkaribia taratibu. Hivyo unaingiza mizunguko mingi zaidi. Sisi tuliazima keekee ya seremala, tukatia kulabu mahali pa chuma cha kutobolea, kazi ikawa rahisi.

Isitoshe, kabla ya kutia mpira nguvu, rusha ndege kwa mkono tu uone inavyoteleza hewani. Ikiinua pua kisha ikaanguka, bandika udongo kidogo mbele. Ikizamisha pua, punguza. Na ukumbuke tunaishi juu. Embu mjini ni zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na Meru mjini ni mita 1,500 hivi. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo bawa linalotosha Mombasa halitoshi hapa. Kitabu cha Uingereza hakikutwambia hayo. Tuliyagundua tulipoongeza upana wa mabawa na ndege ikatulia.

Basi, Jumamosi moja ya muhula wa tatu, mapema asubuhi wakati Mlima Kenya unaonekana wote na upepo haujaamka, sisi watatu tuliobaki tuliirusha uwanjani. Ilipanda, ikazunguka upande wa kushoto mara mbili, ikatua juu ya paa la ukumbi wa maakuli. Sekunde 17! Wapishi walitoka nje na miiko mikononi. Mimi sijawahi kufurahi vile, hata siku nilipopata matokeo ya kujiunga na kidato cha kwanza.

Furaha hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano palikuwa na msako bwenini, mipira yetu ikaonekana, na ikachukuliwa pamoja na ndege. Sababu tuliyopewa ni kwamba mpira ni wa kutengenezea manati, na manati hayaruhusiwi shuleni. Naomba nisieleweke vibaya. Siandiki haya kwa utovu wa adabu. Manati ni hatari, jicho halina spea, na sheria ile naiunga mkono. Ninachouliza kwa heshima ni hiki: je, kisu cha jikoni tukikatae kwa sababu kuna mtu anaweza kumchoma mwenzake?

Kuna wanaosema huu ni mchezo wa watoto. Hao nawapa historia. Mwaka 1871 kijana Mfaransa aitwaye Alphonse Pénaud, mwenye umri wa miaka 21, alirusha ndege ya mpira katika bustani ya Tuileries mjini Paris. Alikuwa ametamani kuwa mwanamaji, lakini ugonjwa wa nyonga ukamzuia. Ndege yake ilikuwa na uzito wa gramu 16 tu. Iliruka mita 40 kwa sekunde 11, watu wakishuhudia. Mwaka 1878 huko Marekani mchungaji mmoja aliwaletea wanawe wawili kitu cha kuchezea kilichoendeshwa kwa mpira, kilichofuata mtindo wa huyo Pénaud. Watoto walikichezea mpaka kikavunjika, wakaunda vingine. Majina yao yalikuwa Wilbur na Orville Wright. Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu hao waliruka kwa ndege yenye injini, na safari yao ya kwanza ilikuwa ya sekunde 12 na mita 37 hivi. Hebu linganisha hesabu hizo mbili mwenyewe. Kile kidude cha mpira cha 1871 kilikuwa kimeenda mbali zaidi!

Wengine wanasema mpira ni injini dhaifu, tutafute petroli au betri. Ni kweli kwamba ni dhaifu. Kilo moja ya petroli ina nishati zaidi ya mara elfu moja ya ile inayoingia katika kilo ya mpira uliosokotwa. Lakini mimi naona faida yake iko hapo hapo. Mwenye injini kubwa anaweza kuficha makosa yake. Bawa limepinda, mwili ni mzito, lakini injini inalazimisha. Mwenye mpira hana pa kujificha. Kila gramu ya gundi anaijutia, kila mkunjo wa karatasi anaulipia. Anajifunza kuunda vizuri kwa sababu hana njia nyingine. Ndiyo maana hata watu wazima bado wanashindana kwa mpira. Kombe la Wakefield limeshindaniwa kwa miaka mingi, na katika mashindano ya dunia ya aina hiyo siku hizi mpira hauruhusiwi kuzidi gramu 30. Wapo pia wanaorusha ndege za mpira ndani ya majumba makubwa, nyepesi kama unyoya, zikakaa hewani zaidi ya nusu saa. Huo ni mchezo wa watoto kweli?

Mara kwa mara magazeti yetu huandika habari za kijana fulani aliyeunda ndege kubwa nyumbani kwa mabomba ya chuma na injini ya pikipiki. Watu wanakusanyika, wanapiga picha, ndege inanguruma, lakini haipai. Siwacheki ndugu hao, wana moyo kuliko mimi. Nasema tu kwamba lau shule zao zingewapa kipande cha mkonge na mpira walipokuwa wadogo, wangejua mambo ya uzito na mizani mapema, bila kutumia akiba ya miaka na bila kuhatarisha shingo zao.

Shule ya Upili ya Mang'u, kule karibu na Thika, inasifika kwa kufundisha somo la urukaji. Ni jambo la kujivunia. Lakini si wote tunaoweza kwenda Mang'u. Sisi wa huku ndege tunazijua kwa miraa tu. Gari linatoka Maua mbio likiwahi uwanja wa ndege, mzigo unapaa, sisi tunabaki na vumbi. Je, hatuwezi kujua zaidi ya hapo? Mtaala wenyewe umebadilika. Tangu mwaka 2017 nchi imeanza mfumo wa elimu ya umilisi, na kila siku tunaambiwa kwamba mtoto aonyeshe anachoweza kutenda, si anachoweza kukariri tu. Sasa huyu hapa ametenda, na alichotenda kimefungiwa stoo.

Nina maombi matatu, na nayatoa kwa unyenyekevu. Kwanza, chama kifufuliwe na kipewe saa moja kila Jumamosi asubuhi. Hatutaki fedha. Mkonge tutaleta wenyewe, na vikombe vya yogati tutaviokota. Pili, mipira yote ihesabiwe na ihifadhiwe maabara chini ya ufunguo wa mwalimu, itolewe siku ya mazoezi tu. Atakayeonekana na mpira bwenini aadhibiwe, nami nitakuwa wa kwanza kumshtaki. Tatu, tuandikie shule nyingine za Meru na Embu tushindane. Tukutane Chuka, ambako ni katikati kwa pande zote mbili. Masharti yawe machache: ndege iundwe kwa vitu vya hapa nyumbani, mpira usizidi gramu 10, na mshindi awe yule atakayekaa hewani zaidi, si yule mwenye rangi nzuri. Na maelezo ya kila ndege yaandikwe kwa Kiswahili, ili chama chetu nacho kiwe na kazi zaidi ya mashairi na mijadala.

Wenzangu nanyi nina neno kwenu. Tusingoje tena kuletewa. Ajizi nyumba ya njaa. Atakayekwenda kwao likizo hii na akaona mlingoti wa mkonge uliokauka, aulete.

Na kwa walimu wetu wapendwa, ninalo jambo moja la haraka. Mpira wa asili ukiachwa kwenye mwanga na joto hukakamaa, ukaanza kupasuka. Ile ndege yetu nimeiona dirishani mwa stoo, imeegemezwa kiooni, na jua la alasiri linaipiga moja kwa moja. Hata kama hatutarudishiwa leo, tunaomba walau isogezwe kivulini.